Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wazee waliotuachia methali hii hawakuisema kwa sifa. Waliisema kwa kejeli. Walitaka kumwonya mtu autazamaye mzigo kichwani mwa jirani yake akauona mwepesi kama pamba ya msufi, kwa sababu shingo iubebayo si yake. Katika mizigo ambayo mwanadamu hutwikwa duniani, ni michache iliyo mizito kama ule umwangukiao mzazi siku aambiwapo na daktari kwamba mwanawe ana saratani. Na katika maneno ambayo mzazi huyo huyasikia tangu siku hiyo, ni machache yaliyo mepesi kama neno "jikaze."

Msomaji, nimekuja kushindana na neno hilo. Najua kuwa ni neno lipendwalo. Twalitamka matangani, hospitalini na njiani. Lina sauti ya ushujaa, wala halimgharimu msemaji hata senti moja. Na pengine hiyo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Mimi mwenyewe nimelitumia, na ni haki nikusimulie aibu yangu kabla sijaigusa aibu ya mtu mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa katika shule moja ya kutwa. Mwanafunzi wangu mmoja alipatwa na saratani ya damu, akakosa masomo karibu nusu ya muhula. Siku moja baba yake alikuja kumwombea ruhusa nyingine. Alikuwa mtu mzima, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Nilitafuta la kumwambia, na kwa kuwa sikuwa nalo, nikachukua lililo karibu. Nilisema, "Mzee, jikaze. Mvumilivu hula mbivu." Alinitazama kwa heshima, kama wazazi wa kwetu wanavyomtazama mwalimu, akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kujikaza nimejikaza. Kilichobaki sasa ni nauli." Nikampa mkono, akaenda zake. Nauli sikumpa. Nilirudi darasani nikidhani kwamba nimekwisha mpa kitu.

Tangu siku ile nimelifikiri jibu hilo mara nyingi, na hoja yangu yote katika insha hii imetoka humo. Nasema hivi: ustahimilivu wa jamaa yenye mtoto mgonjwa haumo kifuani mwa baba wala mama peke yao, kama maji yalivyomo ndani ya dafu. Ustahimilivu hujengwa, kama nyumba ijengwavyo. Una msingi wake, una nguzo zake, una paa lake, na wajenzi wake ni wengi. Mtu amwambiaye mzazi awe imara, naye hakuleta hata jiwe moja la ujenzi, ni sawa na mtu asimamaye barazani mwake mvua ikinyesha, akamwita mpita njia na kumshauri awe paa.

Yafaa kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, kwa maana ujinga ni mwalimu mbaya wa huruma. Mwili wa mwanadamu umefanywa kwa seli nyingi zisizohesabika, na kila seli ina wakati wake wa kuzaliwa, wa kufanya kazi na wa kufa. Saratani ni uasi wa seli. Kundi moja huacha utii, likazaliana bila kipimo na kuziibia seli nyingine chakula na nafasi. Katika watu wazima baadhi ya saratani huletwa na mazoea yao, kama vile uvutaji wa tumbaku. Katika watoto aghalabu hapana aliyekosa. Mtoto hakufanya neno, mama hakula kitu kibaya, baba hakuvunja mwiko. Wala ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono, kwa kulala chumba kimoja, au kwa kula sahani moja.

Wala usidhani kwamba ni ugonjwa wa watu wa mbali. Mojawapo ya saratani za watoto zijulikanazo sana na madaktari wa dunia ilielezwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Aliona watoto waliovimba mataya kwa namna isiyo ya kawaida, na katika mwaka wa 1958 akaandika habari zao. Katika mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari muda wa majuma kumi, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe ule ulikoonekana na ni wapi ambako haukuonekana. Ilidhihirika kwamba ulizifuata nchi za joto na mvua, zilezile ambamo malaria ina nguvu. Katika mwaka wa 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Hata leo ugonjwa huu, unaoitwa limfoma ya Burkitt, huwapata watoto wa pande za Ziwa Viktoria na wa pwani yetu. Ni ugonjwa wa majirani zetu.

Tena usidhani kwamba ni hukumu ya kifo. Burkitt alipowapa baadhi ya watoto wale dawa za kuua seli za saratani, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wako waliopona kabisa. Huenda nyumbani kwenu limepandwa ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lililotoka Madagaska, ambalo halihitaji maji mengi wala utunzaji. Katika majani ya mmea huo ilipatikana dawa ya vinkristini, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1960, na hata sasa ni miongoni mwa silaha kubwa za kutibu saratani ya damu ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ile karibu kila mtoto mwenye saratani hiyo alikufa. Leo, katika nchi tajiri, watoto tisa katika kila kumi wenye aina yake iliyo ya kawaida zaidi hupona.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hupatwa na saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri hupona zaidi ya 80 katika kila 100. Katika nchi nyingi zenye mapato madogo na ya kadiri hupona chini ya 30. Katika mwaka wa 2018 shirika hilo lilianzisha juhudi ya kwamba ifikapo mwaka wa 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Tofauti hii ya 80 na 30 imetoka wapi? Je, mama wa nchi tajiri amejikaza kuliko mama wa Homa Bay, wa Kilifi au wa Turkana? Je, amelia machache, ameomba mengi, amekesha zaidi? Hapana mtu mwenye akili timamu atakayesema hivyo. Kama kujikaza kungeponya, watoto wetu ndio wangekuwa wa kwanza kupona ulimwenguni.

Tofauti hutokana na mambo mengine. Ugonjwa hutambuliwa umechelewa. Dawa hukosekana. Wataalamu ni wachache na hospitali zenye uwezo zi mbali. Na jambo moja ambalo watu hawapendi kulitaja ni kwamba watoto wengi huanza matibabu wakaachishwa njiani. Hapo ndipo ulimi wa mtaani unapokuwa mkali. Utasikia ikisemwa, "Yule mama alichoka na mwanawe." Loo, maneno ya dhuluma! Chukua karatasi na kalamu tufanye hesabu, kwa kuwa mwanafunzi hapaswi kuhukumu kabla ya kuhesabu.

Tuseme, kwa mfano tu, nauli ya mtu mmoja kutoka kijijini mpaka hospitali kubwa ni shilingi 1,200. Mama na mtoto, kwenda na kurudi, ni shilingi 4,800. Wakiitwa mara mbili kwa mwezi ni shilingi 9,600. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 115,200. Matibabu ya saratani ya damu huchukua miaka miwili hadi mitatu. Na bado hatujanunua uji, hatujalipia mahali pa kulala, hatujahesabu siku ambazo mama hakufungua kibanda chake sokoni, wala hatujawauliza watoto wengine watatu waliobaki nyumbani wanakula nini. Mama auzaye ng'ombe mara ya kwanza, akauza kipande cha shamba mara ya pili, na mara ya tatu akakosa la kuuza, hakuchoka na mwanawe. Alifika mwisho wa kile alichokuwa nacho, na watu waliokuwa na zaidi walikuwa wamesimama wakimwambia ajikaze.

Najua hoja zitakazoletwa kunipinga, nami sizikimbii. Nitazichukua moja moja.

Ya kwanza ni kwamba nguvu ya moyo ni kipaji; mwenye nacho huzaliwa nacho, na asiye nacho hawezi kupewa. Hoja hii imepimwa, ikaonekana nyepesi. Emmy Werner, mtaalamu wa elimu ya nafsi, pamoja na wenzake, walifuata maisha ya watoto 698 waliozaliwa katika mwaka wa 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu uchanga wao hadi utu uzima. Watoto hao hawakuteuliwa kwa ajili ya ugonjwa, ila baadhi yao walikulia katika dhiki nzito: umaskini, ugomvi wa nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa wa akili. Karibu theluthi moja ya wale waliokulia dhiki walitokea kuwa watu wazima thabiti, wenye kazi na upendo. Walipotafutwa walichokuwa nacho, tabia yao ya kuzaliwa ilikuwa na sehemu yake, lakini haikutosha. Kila mara alionekana mtu: nyanya, shangazi, mwalimu, jirani, mtu mmoja angalau aliyewashika mkono wala hakuuachilia. Mtaalamu mwingine wa Marekani, Ann Masten, aliandika katika mwaka wa 2001 kwamba ustahimilivu hautokani na vipawa vya ajabu, bali na mambo ya kila siku yafanyayo kazi yake kama ipasavyo. Basi kama ni mambo ya kila siku, nani aweza kusema kwamba hayamhusu?

Hoja ya pili ni ya wale wasemao kwamba jambo hili ni siri ya nyumba, na afadhali lifichwe. Wengine huongeza kwamba ni laana, au kwamba kuna mkono wa mtu. Nawajibu kwa methali yao wenyewe: mficha maradhi kilio humfichua. Mama anayenong'onezwa kwamba amerogwa hupata mizigo miwili badala ya mmoja, na huupeleka ule wa pili kwa mganga wa ramli wakati ule wa kwanza unakua ndani ya tumbo la mtoto. Majuma yapoteayo hivyo hayarudi. Siwazuii watu kusali. Sala imewashika wengi wasianguke. Nasema tu kwamba anayesali na aende hospitali akisali, na jirani anayemwombea na amshikie mfuko.

Hoja ya tatu huja imevaa nguo za upole. Husemwa kwamba mtoto asiambiwe ukweli, na pengine hata mama asiambiwe wote, kwa sababu ukweli utawavunja. Katika mwaka wa 1978 Myra Bluebond-Langner, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, alichapisha kitabu juu ya watoto wa Marekani, wa umri wa miaka mitatu hadi tisa, waliokuwa wamelazwa kwa saratani ya damu. Aliona kwamba watoto wale walijua hali yao ijapokuwa hawakuambiwa. Walijifunza kwa kuzitazama nyuso za watu, kwa kusikiliza mazungumzo ya madaktari, na kwa kuona vitanda vya wenzao vimeachwa wazi. Lakini walijifanya hawajui, kwa sababu waliona wazazi wao wanataka wasijue. Lifikiri jambo hili, msomaji. Mtoto wa miaka sita, mwenye sindano mkononi, anamlinda mama yake! Tulidhani tumempa amani; kumbe tumempa upweke. Ukweli usemwe kwa upole, kwa kiasi cha umri wake, na kwa maneno anayoyaelewa: kwamba ana ugonjwa, jina lake ni hili, dawa itamtapisha na kumnyonyoa nywele, nywele zitarudi, na kosa si lake. Nyumba iliyojengwa juu ya uongo hutikisika kila daktari apitapo.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami nitaiheshimu. Husemwa kwamba kazi hii ni ya serikali, si ya majirani na wanafunzi. Ni kweli kwamba serikali ina wajibu, na tena mkubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kiwezekanacho, na katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe, makao na matibabu. Katika mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia hospitalini wanawake wawili waliojifungua, eti kwa kuwa hawakuweza kulipa, kulivunja haki zao. Katika Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa bima ya zamani ya hospitali. Haya yote ni mawe ya msingi, na raia mwema hana budi kuuliza kila siku kama yamewekwa sawasawa. Mchango wa kijiji usigeuzwe pazia la kuficha deni la serikali. Mtu asikuambie kwamba madhali watu wetu ni wakarimu, hazina ya taifa iweza kulala.

Lakini nasema tena kwamba msingi si nyumba. Bima hulipia matibabu kwa kiasi kilichowekwa; hailipi basi, hailipi sufuria ya uji wa watoto waliobaki, wala haikai kitandani usiku wa manane mtoto anapotapika. Sheria haiwezi kumfulia mama kanga. Hayo yanahitaji mikono ya watu, na mikono hiyo lazima iwe karibu.

Basi tuzitazame nguzo. Ukweli nimekwisha utaja. Ya pili ni msaada usiongoja kuombwa. Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji, nasi tumeisahau methali hiyo tukaibadilisha kwa maneno haya: "Ukihitaji chochote, niambie." Maneno haya yaonekana mema, lakini yana hila ndani yake, maana humtwika mhitaji kazi ya kuomba, na kuomba ni kazi nzito kwa mtu mwenye haya. Mwenye kutaka kusaidia haulizi, hupika, akapeleka. Huteka maji. Huwachukua watoto wadogo jioni wakafanya kazi zao za shule nyumbani kwake. Humwambia baba, "Jumatatu nitakaa mimi na mtoto hospitalini, wewe nenda kazini."

Nguzo ya tatu ni ndugu zake mgonjwa. Hawa ndio wasahauliwao kuliko wote. Nyumba yote humgeukia aliye mgonjwa, kama mimea igeukiavyo jua, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini yuko dada wa miaka kumi na minne ambaye sasa ndiye mama wa nyumba, apikaye, aoshaye na alalaye mwisho. Hathubutu kusema kwamba amechoka, kwa kuwa atalinganishaje uchovu wake na saratani? Pengine ana hasira na mgonjwa, kisha akajichukia kwa hasira hiyo. Pengine waogopa kwamba yeye ndiye atakayefuata. Mtu mmoja amwulizaye, "Na wewe u hali gani?" akangoja jibu, ameweka nguzo mahali palipokuwa panainama.

Nguzo ya nne ni shule, na hapa, msomaji, naja mlangoni pako. Mtoto anayetibiwa saratani hupoteza nywele, uzito, nguvu na michezo. Akipoteza na dawati lake pia, amepoteza mahali alipokuwa mtu mwingine mbali na mgonjwa. Shule huwaambia jamaa yake jambo ambalo hospitali haiwezi kuwaambia: kwamba twamtazamia kesho. Ndiyo maana nasema kwamba kijana amwitaye mwenziwe "kipara" amepiga nyumba nzima jiwe la paa, hata kama wote wamecheka, naye mwenyewe amecheka pamoja nao.

Huenda ukasema, "Mimi ni mwanafunzi tu, sina fedha wala amri." Sikutaki fedha. Mwandikie mwenzako masomo aliyoyakosa, kwa mwandiko usomekao, umpelekee kila juma. Mtunzie nafasi yake darasani. Akirudi, mfanye mwenzako na si maonyesho. Mwache acheke na ashindwe na akosolewe kama wengine. Ukiwa na mafua, homa au tetekuwanga, kaa mbali naye, kwa kuwa dawa zake hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi, na kwake homa ndogo yaweza kuwa hatari ya kupelekwa hospitali saa ileile. Ukitimiza miaka 16 na uzito wa kilo 50, waweza kutoa damu. Watoto hawa huhitaji damu mara nyingi, na benki za damu za nchi hii hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, hata hupungukiwa shule zinapofungwa. Tena zijue dalili, uwe jicho la kijiji chenu: uvimbe wa taya au tumbo la mtoto ukuao upesi, weupe ung'aao ndani ya mboni ya jicho, homa isiyokoma, kutokwa damu au kuvilia bila sababu, maumivu ya mifupa yasiyokwisha. Dalili hizi si lazima ziwe saratani, lakini zataka hospitali, na upesi.

Limebaki neno moja gumu, nami ningekuwa mnafiki kama ningelipita. Wako watoto ambao hawatapona hata wakipata yote niliyoyataja. Watu wengine wakiona hivyo husema kwamba ujenzi umekuwa bure. Nakataa. Ustahimilivu si jina la kupona. Ni uwezo wa jamaa kubaki jamaa: mume na mke wasilaumiane, watoto waliobaki waendelee kusoma, shamba lisiuzwe lote, na jina la mtoto litajwe mezani bila watu kunyamaza. Mama aliyefiwa akiwa amezungukwa na watu hulia. Mama aliyefiwa akiwa peke yake hulia, kisha huvunjika. Hapo ndipo tumwambiapo ajikaze hugeuka ukatili, maana mwenye kulia hana kosa. Mruhusu alie, nawe ukae.

Na yule baba wa viatu vya vumbi? Mwanawe alirudi darasani mwaka uliofuata, mwembamba, kofia kichwani, akaketi kwenye dawati la mbele. Nilipochunguza nilijua jinsi walivyovuka. Wanawake wa chama cha sokoni, ambao hawakuwa na mali kuliko yeye, walikuwa wametenga sehemu ya fedha zao za kila juma kuwa nauli. Mke wa fundi wa baiskeli aliwalisha wadogo zake. Kijana mmoja wa darasani mwangu, mkimya, ambaye sikuwahi kumsifu kwa lolote, alikuwa amemwandikia masomo yote ya miezi mitano katika madaftari manne. Hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa amemwambia ajikaze. Katika ujenzi ule wote, mchango wa mwalimu ulikuwa methali moja.

Methali ile haikuwa na kosa. Mvumilivu hula mbivu, naam; lakini tunda haliivi juu ya mti usiopandwa wala kumwagiwa maji, na mtu mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hana mkono wa kuchota. Wewe una miwili. Kwa hiyo siku utakapomkuta mtu amelemewa, na neno lile jepesi likakujia ulimini, limeze. Kisha nyosha mkono, ushike upande mmoja wa mzigo, nawe utajua kwa shingo yako mwenyewe kama ni usufi.